Maji ya ardhini yapimwe kabla ya kupanua machimbo

MAWE ya Ndarugo, kaunti ya Kiambu, yamejenga flati nyingi unazoziona ukipita barabara kuu ya Thika, na wateja bado wanayataka. Mwenye machimbo akiishiwa na mawe ana njia mbili: apanue shimo au aende chini zaidi. Tunasema asiruhusiwe kufanya lolote kati ya hayo kabla haijajulikana maji ya ardhini yako kina gani, yanaelekea wapi na ni nani anayeyanywa.

Hali ya Ruiru na Thika haituruhusu kubahatisha. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata 490,120. Katika sensa hiyo ya pili Thika ilikuwa na 251,407. Bwawa la Karimenu II, Gatundu Kaskazini, lilijengwa ili kupunguza kiu ya Ruiru na Juja, lakini kuna mitaa ambako mfereji hutoa maji kwa zamu na wapangaji wanategemea kisima cha ploti. Kisima hicho kikikauka, anayeumia kwanza ni mama anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20, kwa sababu bei ya mtungi hupanda siku hiyo hiyo.

Ardhi ya hapa ni ya volkano. Lava ngumu imelaliana na majivu yaliyogandamana, na maji hukaa kwenye nyufa na kwenye mipaka ya tabaka hizo. Jiwe laini linalokatwa kwa msumeno wa mashine ni sehemu ya tabaka hizo hizo. Simama ukingoni mwa shimo refu kiangazi, mvua ikiwa imekatika muda mrefu, utazame ukuta wake. Palipo na mstari wa unyevu na majani mabichi, hapo shimo limekata njia ya maji. Chini, pampu huyavuta na kuyamwaga mtaroni ili wakataji wafanye kazi pakavu. Maji hayo yalikuwa safarini kwenda kwenye chemchemi, mtoni au kwenye kisima cha jirani. Pampu ikiendelea kunguruma mwezi baada ya mwezi, kina cha maji hushuka pande zote za shimo, na umbali wa mshuko huo haujulikani kwa kutazama tu.

Jirani atafanya nini? Atachimba kisima kirefu zaidi, na huko chini kuna hatari nyingine. Maji ya kina kirefu katika ardhi ya volkano mara nyingi huwa na floridi nyingi. Kiwango salama ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekua akinywa zaidi ya hapo hutoka na meno ya kahawia yasiyosafishika, na kikizidi sana kwa miaka mingi hata mifupa huathirika. Kuna pia suala la mashimo yaliyoachwa. Yakigeuzwa kuwa jaa la takataka au mahali pa kumwaga maji ya vyoo, uchafu huingia moja kwa moja katika maji ya ardhini bila kuchujwa na udongo, na maji hayo yakichafuka huchukua miaka mingi kusafika.

Hofu hii si mpya. Eneo la Nairobi lilitangazwa kuwa hifadhi ya maji ya ardhini mwaka 1953, mji ukiwa mdogo kuliko Ruiru ya leo. Tangu hapo kina cha maji kimeendelea kushuka kwa sababu ya visima vingi.

Lakini linalotutia wasiwasi kuliko yote ni ushahidi. Mwenye kisima akienda kulalamika kwamba maji yake yamekwisha tangu shimo la jirani lipanuliwe, ataulizwa: yalikuwa kina gani kabla? Hana jibu, kwa maana hakuna aliyepima. Mwenye machimbo atasema ni kiangazi, au ni visima vya flati mpya, na huenda akawa na haki. Bila kipimo cha awali, mwenye hasara hawezi kuthibitisha hasara yake, na mwekezaji mwaminifu naye hawezi kujisafisha.

Murang'a ilitupa funzo. Mjadala mkali kuhusu handaki la kilomita 11.8 la kupeleka maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati katika bwawa la Ndakaini ulipamba moto mwaka 2016, kazi ikiwa tayari imeanza. Wakazi waliuliza kama chemchemi zao zitakauka, na swali hilo lilistahili kujibiwa kwa vipimo vilivyowekwa hadharani kabla ya kazi kuanza. Kwingineko, kutojua maji yalipo kumeua. Machi 2010 maji yalivamia mgodi wa makaa ya mawe wa Wangjialing, China, wachimbaji 153 wakakwama na 38 wakafa. Wanaotamani makaa ya mawe ya Bonde la Mui, Kitui, wakumbuke hilo.

Nchini mwetu, mwenye ploti anayetaka kuchimba kisima huhitaji ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), kisha kisima hupimwa kwa kupampuliwa saa 24. Shimo la ekari kadhaa linalomwaga maji mchana kutwa lisiulizwe machache kuliko hayo. Ripoti ya mazingira inayoeleza vumbi na kelele kwa kurasa nyingi, kisha ikayapitia maji kwa aya moja, irudishwe kwa aliyeiandika.

Vijana wengi wanapata riziki katika machimbo haya, na hatutaki yafungwe. Tunazitaka mamlaka ya mazingira (NEMA), WRA na serikali ya kaunti ya Kiambu zikatae ombi lolote la kupanua hadi visima na chemchemi zote za jirani ziorodheshwe, kina na ubora wa maji vipimwe msimu wa mvua na wa kiangazi, visima vya uangalizi vichimbwe kuzunguka shimo kwa gharama ya mwombaji, na kina cha mwisho cha kuchimba kiandikwe ndani ya leseni. Vipimo hivyo vibandikwe kwa chifu, kwa Kiswahili na Kikuyu, kabla ya baraza la kupokea maoni kuitishwa.