Tukienda Pwani, Tukodi Chombo cha Tanga



Kila chama chetu kinapopanga safari ya Pwani, mambo huwa ni yale yale: Fort Jesus, feri ya Likoni, kukanyaga maji ufuoni, picha mbili tatu, halafu basi la kurudi Bungoma. Kwa maoni yangu tunakosea. Safari ijayo tukodi chombo cha tanga, hata kama ni kwa siku moja tu.

Najua wengine watasema, "Ati chombo! Hayo si mambo ya watalii?" Lakini hebu tuulizane. Hapa Mabanga tumezungukwa na mahindi na miwa, na maji makubwa tunayoyajua ni Mto Nzoia. Kiswahili tunachosoma nacho kimejaa bahari. Tunakariri kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na kwenye mtihani tunaandika maana yake. Nani kati yetu amewahi kuona chombo kikienda joshi, yaani kikijikaza kuelekea upepo unakotoka? Mlingoti, foromali, demani, omo na tezi kwetu ni maneno ya kamusi tu. Nahodha angetuonyesha yote kwa asubuhi moja, na hatungesahau.

Mahali pa kwenda papo. Kule Shimoni, kusini mwa Mombasa karibu na mpaka wa Tanzania, majahazi hukodishwa kupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti na kisiwa cha Wasini. Huko Wasini tungesikia pia Kivumba, lahaja ambayo wengi wetu tumeisoma kwa jina tu. Na kuhusu pesa, kikundi kikikodi chombo kizima, gharama inagawanywa. Tukichanga mapema, muhula kwa muhula, haitamlemea mtu.

Lakini wazazi watakubali? Wengi wanakumbuka Mtongwe, Mombasa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka pale na watu 272 wakafa. Jambo hilo si la kuchezewa. Hata hivyo, feri ile ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Kwa hivyo funzo lake si kwamba tuikimbie bahari, bali tuhesabiane kabla ya kupanda.

Mimi napendekeza masharti manne. Kwanza, tumuulize mwenye chombo kinaruhusiwa kubeba watu wangapi, na tukizidi hata mmoja, tugawanyike mara mbili. Pili, kila mtu avae jaketi la kuokolea, mwalimu na mwanafunzi. Tatu, tusiende likizo ya Agosti, kwa sababu kusi huvuma na bahari huchafuka. Desemba kaskazi ikianza ni afadhali. Nne, vyombo vingi siku hizi vina mashine, basi wakati wa kupatana bei tuseme wazi kwamba tunataka tanga litwekwe.

Wengine watapunguza masharti ili kupunguza bei. Hapo nakataa kabisa. Afadhali tubaki ufuoni. Wahenga walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Sisi wa Mabanga hata hayo mazoea hatuna, kwa hivyo tusione haya kuvaa jaketi.

Yangu nimesema. Kamati ya chama na walimu wetu, kazi kwenu.