Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Je, Tatu Zitamshinda Mtoto?

Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Kisa chenyewe sote twakijua. Fisi alinusa harufu ya nyama, akafika njia panda, asijue nyama iko upande gani. Akapitisha miguu ya kushoto njia hii na ya kulia njia ile, na alipozidi kwenda akapasuka msamba. Tangu utotoni tumeitumia methali hii kuwaonya wenye tamaa. Hata hivyo, ni maoni yangu kwamba fisi hakuponzwa na tamaa pekee. Aliponzwa pia na hofu: alidhani kwamba akishika njia moja na kukosa nyama, hataweza tena kurejea njia panda. Hofu hiyo ndiyo ninayoiona leo machoni mwa watoto wa gredi ya 10, nao wamewekewa njia tatu.

Msomaji mpendwa, Januari mwaka 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia sekondari pevu, ambayo ni miaka mitatu ya mwisho kabla ya chuo. Kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuchagua mkondo angali gredi ya 9. Mikondo yenyewe ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao umezoeleka kwa kifupi cha STEM. Sayansi za Jamii. Na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati na mafunzo ya huduma kwa jamii ni ya lazima kwa wote. Juu ya hayo mwanafunzi huchagua masomo matatu. Serikali ilikadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wangeingia STEM, asilimia 25 Sayansi za Jamii, na asilimia 15 Sanaa na Michezo.

Sitaki nieleweke kuwa naulaani mpango huu. Ni hatua ya mbele. Sote tuliopitia mfumo wa 8-4-4 tunakumbuka jinsi mtihani mmoja wa mwisho ulivyokuwa hakimu wa kila kipawa. Mfumo huo ulizaliwa na mapendekezo ya kamati iliyoongozwa na Colin Mackay mwaka 1981, na sisi wana-Kiswahili tuna deni la shukrani kwake. Kamati iyo hiyo ndiyo iliyopendekeza kianzishwe chuo kikuu cha pili nchini, kikawa Chuo Kikuu cha Moi kilichofunguliwa hapa kwetu mwaka 1984, na ndiyo iliyopendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa. Yaani chuo chetu na somo letu ni ndugu wa tumbo moja. Nasema haya ili tukumbuke kwamba mabadiliko ya mtaala si jambo la kutazamwa na wana-Kiswahili kwa mbali, kama watu walioalikwa arusi wasiyoijua.

Ninapoishi, katika mtaa wa West Indies hapa jijini Eldoret, nina jirani ambaye ni fundi wa cherehani. Bintiye ameingia gredi ya 10 mwaka huu. Tangu alipokuwa mdogo amekuwa akiniletea mashairi yake niyasahihishe mizani, na siku hizi hunisahihisha mimi ninapotatizwa na kompyuta. Mwaka jana mama yake aliniita akaniuliza, "Mwalimu, hebu niambie, hii STEM ndiyo ile ya watoto werevu?" Nilijaribu kumweleza kwamba mikondo yote ni ya watoto werevu. Hakushawishika, nami sikumlaumu, kwani shuleni bintiye alikuwa ameambiwa vivyo hivyo. Binti akajaza STEM. Moyoni alinuia kusoma Kompyuta na Fizikia, kisha achukue Fasihi ya Kiswahili kuwa somo lake la tatu.

Kwa mujibu wa mwongozo, jambo hilo lawezekana: masomo mawili yakitoka katika mkondo wa mwanafunzi, la tatu laweza kutoka kwingine. Lakini alipofika shuleni alikuta Kompyuta na Fasihi zimewekwa saa moja katika ratiba, na mwalimu wa Fasihi ni mmoja tu. Akaambiwa achague somo jingine la sayansi. Alipouliza kama anaweza kuhamia Sayansi za Jamii, mama yake ndiye aliyemjibu: "Karo nishalipa, sare nishanunua. Kama ni kubadilisha, ungeniambia Novemba." Binti huyo ana umri wa miaka 15. Novemba alikuwa akifanya mtihani.

Kisa hiki ni kidogo, wala sidai kwamba kinawawakilisha watoto wote. Hata hivyo, kinafichua tofauti kubwa kati ya uhuru ulio katika karatasi na uhuru ulio katika ratiba. Mwanafunzi hachagui kutoka katika orodha ya wizara. Huchagua kutoka katika kile ambacho shule yake ina mwalimu wa kukifundisha, chumba cha kukifundishia na saa ya kukifundisha. Shule kubwa zimeidhinishwa kutoa mikondo yote mitatu. Shule nyingine nyingi, hasa za kutwa, hutoa miwili, na aghalabu ule unaokosekana ni wa Sanaa na Michezo. Mtoto wa mwenye uwezo akikosa anachokitaka karibu na kwao, atapelekwa shule ya bweni ambako karo iliyowekwa kwa shule za kitaifa imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Mtoto wa fundi cherehani atachagua kilichopo, kisha tutasema amechagua mwenyewe.

Hali hii inashangaza zaidi hapa Eldoret, jiji linalojiita la mabingwa. Pale Iten, katika shule ya St Patrick's, Bruda Colm O'Connell aliwasili mwaka 1976 kuwa mwalimu, akawa mlezi wa wanariadha. Peter Rono, mwanafunzi wa shule hiyo, alishinda dhahabu ya mita 1500 mjini Seoul mwaka 1988, naye aliendelea na masomo ya chuo kikuu nchini Marekani. Hakulazimishwa kuchagua kati ya miguu na kalamu. Alibahatika kupata shule iliyoviheshimu vyote viwili. Swali langu ni je, tutaendelea kutegemea bahati hadi lini?

Kuna wanaosema kwamba taifa linahitaji wanasayansi, na kwamba tukiruhusu watoto kuvuka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine, STEM itabaki tupu. Wengine husema kwamba vijana wa umri huo hubadilisha nia kama kinyonga abadilishavyo rangi, na shule haiwezi kupanga ratiba mpya kila Jumatatu. Hoja ya pili ina uzito. Mwalimu mkuu mwenye walimu wachache hawezi kuendesha shule kwa matakwa ya kila mtoto. Hata hivyo, wanyumbufu hauna maana ya ukosefu wa utaratibu. Sisi wenyewe, tulipoitwa kujiunga na vyuo vikuu tukiwa watu wazima wenye vitambulisho, tulipewa muda wa kuomba kuhamia chuo kingine au kozi nyingine. Wangapi miongoni mwetu waliutumia? Mimi nilijaza ualimu wa Kiswahili kama chaguo la nne, na leo sitaki kuambiwa nihame. Kama mtu wa miaka 19 anahitaji nafasi ya pili, wa miaka 15 anaihitaji mara mbili.

Ama hoja ya kwanza, ninaipinga kabisa, kwa sababu inachukulia kwamba lugha na sayansi ni maadui. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetupa Bwana Msa na riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, alianza kazi akiwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa forodha. Hawakupitia darasa la fasihi ili wawe waandishi, na kazi zao za mchana hazikuwanyima kalamu. Leo hii Kiswahili kinahitaji watu wa kutengeneza programu za kukagua tahajia, za kutafsiri na za kusoma maandishi kwa sauti. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtaalamu wa kompyuta asiyejua ngeli, wala na mjuzi wa ngeli anayeogopa kompyuta. Itafanywa na watu mfano wa binti wa jirani yangu, endapo ratiba itawaruhusu.

Ni nini basi kifanyike? Kwanza, kuwe na vipindi maalumu vinavyojulikana na kila mzazi ambapo mwanafunzi anaweza kubadili somo au mkondo: mwishoni mwa muhula wa kwanza wa gredi ya 10, na mwishoni mwa mwaka huo. Anayevuka apewe mafunzo ya kumfikisha walipofika wenzake, yafanywe wakati wa likizo, bila malipo ya ziada. Pili, shule zilizo jirani zishirikiane. Katika jiji kama Eldoret, ambamo shule kadhaa zimepakana, hakuna sababu ya kila moja kulia kwamba haina mwalimu wa Fasihi au wa Muziki ilhali mwalimu mmoja angeweza kuhudumia shule mbili kwa siku tofauti. Tatu, ratiba ipangwe baada ya kuwauliza wanafunzi wanataka kuunganisha masomo gani, si kabla. Nne, kila shule iwe na mwalimu wa ushauri aliyepunguziwa vipindi, ili mtoto na mzazi wapate mtu wa kuwaeleza kabla ya kujaza fomu, si baada ya kununua sare.

Tunaweza pia kujifunza kutoka kwa jirani zetu. Nchini Tanzania wanafunzi wanaoingia kidato cha tano husoma kwa tahasusi, mathalani HKL ya Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 2024 serikali yao iliongeza tahasusi mpya 49 juu ya zile 16 zilizokuwapo, zikawa 65, na waliomaliza kidato cha nne mwaka 2023 wakapewa nafasi ya kubadili machaguo yao kupitia mtandao. Tahasusi nyingi hazileti walimu kwa wenyewe, na Watanzania wanalijua hilo kuliko mimi. Ninachokisifu ni ile nafasi ya kubadili. Serikali ilikiri hadharani kwamba chaguo alilolifanya mtoto kabla hajajua matokeo yake, na kabla hajajua kilichopo, si kiapo.

Mwisho, nawageukia wenzangu wanafunzi na wahadhiri wetu. Chini ya 8-4-4, ambayo watahiniwa wake wa mwisho watafanya mtihani mwaka 2027, kila mtahiniwa wa Kiswahili hukutana na riwaya, tamthilia na ushairi, apende asipende. Katika mtaala mpya Kiswahili kingali cha lazima, lakini Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchaguliwa, limewekwa katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Tukinyamaza, itakuwa somo la waliokosa nafasi kwingine, na ajira za wahitimu wetu zitapungua kadiri wanafunzi wake watakavyopungua. Yamkini baadhi yetu tunaona dawa ni kudai Fasihi irudishwe kuwa ya lazima. Mimi sioni hivyo. Somo linalopendwa kwa kulazimishwa halipendwi. Dawa ni kuhakikisha kwamba yeyote anayelitaka, awe wa maabara au wa uwanja wa riadha, analifikia.

Kazi hiyo tunaweza kuianza sasa. Tunapokwenda mazoezi ya kufundisha, tuwaombe walimu wakuu saa moja ya Fasihi kwa wanafunzi wa mikondo mingine, hata kama ni jioni. Chama chetu kiandae ziara katika shule za kutwa za hapa jijini kabla ya wanafunzi wa gredi ya 9 kujaza machaguo yao, na tuwaeleze wazazi kwa Kiswahili kinachoeleweka maana ya mikondo hiyo. Aidha, wahadhiri wetu wapeleke sauti hii kunakohusika, kwani wao wana vikao ambavyo sisi hatuna.

Jioni ya juzi binti wa jirani yangu alikuja na shairi jipya. Lilikuwa na beti tano, vina vyote sawa, na kichwa chake ni "Ratiba". Nilipomaliza kulisoma aliniuliza kama kuna mahali popote ambapo mtu wa Fizikia anaweza kulipeleka. Nilimwambia nitauliza. Basi nauliza.