Mwanao akitaka kocha wa kuruka angani, muulize haya

Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa sasa wako Dubai, Doha na Muscat, na habari zao zinafika Runzewe kwa WhatsApp. Ipo siku mzazi anaweza kufungua simu akakuta video ya watu wanne wanaanguka kutoka kwenye ndege, wameshikana mikono na miguu kama buibui, na mmoja wao ni mwanawe. Chini kuna ujumbe: “Mama, nimeshajua kuruka peke yangu. Sasa natafuta kocha anifundishe kuruka na wenzangu.”

Jibu la kwanza la wazazi wengi linajulikana. “Nani kakuroga, mwanangu? Hela za kujenga zimekwisha?” Baada ya jibu hilo kijana haachi kuruka. Anaacha kusema. Ana miaka 24, mshahara ni wake, na mzazi aliyeko Bukombe hawezi kumzuia kupanda ndege ya jangwani. Anachoweza ni kumuuliza maswali yatakayomfanya achague mwalimu mzuri.

Kwanza, mzazi aujue mchezo wenyewe. Wengi tumeona kwenye televisheni askari wakishuka na miavuli siku za sherehe za kitaifa. Huu ni tofauti kidogo, maana kazi yote hufanyika kabla mwavuli haujafunguka. Ndege huwapandisha warukaji kiasi cha kilomita tatu au nne. Wakitoka huanguka kwa tumbo, kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa, na wana kama dakika moja tu. Ndani ya dakika hiyo hushikana kwa umbo moja, huachiana, hushikana kwa umbo jingine. Katika mashindano ya watu wanne, kundi hupewa sekunde 35, mwenzao wa tano huwapiga video, na waamuzi huhesabu maumbo waliyoyakamilisha. Dubai yenyewe iliandaa mashindano ya dunia ya parachuti mwaka 2012. Na Februari 2006, watu 400 walishikana umbo moja angani huko Udon Thani, Thailand.

Kwa nini aliyekwisha kujua kuruka ahitaji kocha tena? Kwa sababu akiwa peke yake hewani hana wa kumgonga. Akiwa na wenzake, mzito huanguka haraka na mwepesi hubaki juu. Anayekimbilia kundi bila kujua kupunguza mwendo huwapiga wenzake kama pikipiki isiyo na breki. Na hatari kubwa iko mwishoni. Kabla ya kufungua miavuli ni lazima waachane, kila mmoja ageuke na kuteleza mbali na wenzake, ili mwavuli wa mmoja usifungukie usoni mwa mwingine. Haya hayafundishwi kwa kutazama video. Uingereza, kwa mfano, mrukaji hufanya kazi na kocha mpaka apate daraja liitwalo FS1 ndipo aruhusiwe kuruka kwa kundi na wenzake wa kawaida.

Mzazi atasema, mimi nitamjuaje kocha wa angani, wakati hata ndege sijapanda? Atamjua kwa njia ileile anayomjulia mwalimu mwingine yeyote. Usukumani, ngoma za Wagika na Wagalu zikishindana, hakuna anayemsifu manju kwa maneno yake. Watu hutazama wachezaji wake. Katika bugobogobo majembe yakipanda pamoja na kushuka pamoja, manju amefundisha. Jembe moja likichelewa, kila mtu uwanjani ameliona. Baba aliyewahi kushuka kwenye duara la dhahabu naye anajua thamani ya kushuka na mtu anayeyajua matimba yapi yameoza.

Kwa hiyo muulize mwanao hivi, kwa upole.

Ulioruka nao kocha huyo wako wapi sasa? Kocha mzuri ana wanafunzi wanaoruka vizuri kuliko walivyomjia. Kijana azungumze nao yeye mwenyewe, asitosheke na picha za kocha.

Anakufundisha chini kwa muda gani? Kundi zuri huupanga mruko mzima kabla ya kupanda ndege. Hulala kifudifudi juu ya vibao vyenye magurudumu na kurudia kila umbo mpaka kila mtu ajue mkono wake unaenda wapi. Kocha anayesema “tutaelewana hukohuko juu” si wa kulipwa.

Mnaachana kwenye urefu gani? Jibu liwe namba, litoke haraka, na kila aliye kwenye kundi awe na namba hiyohiyo. Kijana akisitasita hapa, bado hajafundishwa.

Nani anapiga video, na mnaitazama pamoja? Mtu anayeanguka hajioni. Goti lililoshuka kidogo tu humsogeza nyuma bila yeye kujua. Kocha wa kweli huruka naye, kisha hukaa naye kwenye skrini na kumwonyesha kosa moja au mawili ya kurekebisha katika mruko unaofuata.

Amewahi kukukatalia? Upepo mkali, mwanafunzi aliyechoka, kundi kubwa kuliko uwezo wake: kocha asiyewahi kusema “leo hapana” anauza miruko, hafundishi.

Halafu kuna hela. Mara nyingi mwanafunzi hulipia nafasi yake na ya kocha ndani ya ndege, hivyo mshahara waweza kuishia hewani. Njia ya kupunguza ni jumba la upepo, lenye feni kubwa zinazopuliza kutoka chini mpaka mtu aelee bila ndege wala mwavuli. Kwa kuwa mruko mmoja una dakika moja tu ya kuanguka, dakika kumi humo ni sawa na miruko kumi ya mazoezi, na kocha husimama karibu akimrekebisha. Dubai majumba hayo yapo. Kijana apange kiasi cha mwezi, na kiasi hicho kikiisha asubiri mwezi mwingine.

Kwa kijana aliye Afrika Mashariki, wapo wanaofundisha kuruka Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Kwa barabara hufikika kupitia Tanga, mpaka wa Horohoro na Lungalunga. Asafiri akiwa amekwisha kuuliza kama siku hizo kuna kocha wa makundi, maana mwalimu wa kuruka mara ya kwanza si lazima awe mwalimu wa kundi. Na kwa aliye chini ya miaka 18, jibu la mzazi liwe ni kusubiri.

Hakuna aliyesema mzazi aufurahie mchezo huu. Lakini mama anayejua namba ya urefu wa kuachana anaweza kumuuliza mwanawe kila Ijumaa, kabla hajaenda kuruka: “Mmekubaliana wapi, baba?” Kijana atajibu. Na siku atakayokosa jibu, atalijua kosa hilo akiwa bado chini.