Jina Likishatajwa

Iko methali niliyoifundisha darasani kwa miaka mingi, na leo, nikiwa mzee mstaafu hapa Mbegani, naona kwamba imetuponza. Ni ile isemayo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani, penye kahawa na kashata, methali hiyo haina madhara makubwa. Katika chumba cha habari ni sumu.

Nchi yetu imeona nyaraka za kashfa zikiwekwa hadharani mara nyingi, na kila mara magazeti yetu mengi yameshindwa mtihani uleule: kutofautisha mtu aliyetajwa, mtu aliyetuhumiwa na mtu aliyetiwa hatiani. Hao ni watu watatu, ndugu msomaji. Anayewavika wote kanzu moja anatudanganya, hata kama kila jina alilolichapa limo katika waraka.

Chukua kashfa ya Tegeta Escrow. Novemba 2014, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya mwenyekiti wake Zitto Kabwe, ilileta bungeni taarifa kuhusu fedha zilizotolewa katika akaunti iliyokuwa Benki Kuu, zaidi ya shilingi bilioni 200. Katika sakata hilo walitajwa mawaziri, wabunge, majaji na viongozi wa dini. Lakini hawakutajwa kwa jambo moja. Wengine walitajwa kwa uamuzi walioufanya ofisini. Wengine kwa kuwa fedha ziliingia katika akaunti zao. Profesa Anna Tibaijuka, wakati huo Waziri wa Ardhi, alieleza kwamba shilingi bilioni 1.6 alizopokea zilikuwa mchango kwa ajili ya shule. Desemba mwaka huohuo aliondolewa katika uwaziri. Msomaji ana haki ya kuyakataa maelezo yake, lakini hawezi kuyapima asipoyaona palepale lilipo jina. Na sisi barazani, je, tulijadili nani alifanya nini? Hata kidogo. Tulisoma majina kama matokeo ya mtihani, huku tukicheka, na mwishowe wote wakawa "wale wa escrow".

Sisemi haya kama malaika. Nilipokuwa mwalimu mkuu, taarifa ya ukaguzi ilionyesha upungufu wa magunia ya maharage, na jina la mtunza stoo likaandikwa humo kwa sababu funguo zilikuwa kwake. Nililisoma jina lile mstarini, mbele ya wanafunzi wote. Taarifa haikusema kwamba aliiba. Mimi pia sikusema. Nililisoma tu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamaliza kazi. Watoto wakampachika jina la utani. Mkewe akaacha kwenda kisimani na wenzake. Miezi kadhaa baadaye ikabainika kwamba magunia yale hayakufika shuleni kabisa. Nikamwita ofisini, nikamwomba radhi, mlango ukiwa umefungwa. Mstarini sikurudi. Alihama, na hadi leo sijui kama alinisamehe. Ndiyo maana nawafahamu wahariri wetu: tuhuma ukurasa wa kwanza kwa herufi nyekundu, usafi wa mtu ukurasa wa ndani, kama upo.

Najua watakaofurahi kunisikia ni wakubwa. Wasifurahi mapema. Heshima ya mtu si blanketi la kufunikia nyaraka. Mwaka 2008 Dakta Harrison Mwakyembe aliongoza kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Taarifa ikasomwa, na tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Gazeti lililotuandikia yote mawili, kauli ya kamati na lalamiko lake, lilitutendea haki.

Miaka tisa baadaye, Juni 2017, Dakta Mwakyembe yuleyule, sasa akiwa Waziri wa Habari, alilifungia gazeti la Mawio kwa miezi 24. Kosa lake lilikuwa kuwahusisha marais wastaafu wawili na mikataba ya madini, siku zilezile ambapo taarifa za kamati za Rais Magufuli kuhusu mchanga wa madini zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Kama Mawio lilikosea, lingejibiwa kwa hoja, lingedaiwa masahihisho, au lingepelekwa mahakamani. Kulifungia ni sawa na kuchana daftari zima la mwanafunzi kwa sababu ya jibu moja. Leseni yake ilirudishwa Februari 2022. Mmoja wa marais hao, Jakaya Kikwete, ni mtu wa Msoga, mwenzetu wa Bagamoyo, nami namheshimu. Kwa sababu hiyohiyo nisingependa jina lake lilindwe kwa amri. Jina linalosafishwa kwa amri hubaki na doa.

Nyaraka zikifichwa, uvumi hukaa kwenye kiti chao. Sisi wa Mbegani twalijua hilo vizuri. Bandari kubwa iliyopangwa kujengwa hapa tangu mwaka 2013 ilikuwa na makubaliano ambayo tuliyasikia kwa miaka bila kuyasoma, na kila kibaraza kilikuwa na orodha yake ya waliokula.

Basi nataka nini? Nataka waraka utolewe wote, na mwandishi afanye lile anilolifundisha mtoto wa darasa la nne: asome sentensi hadi mwisho. Atuambie waraka umeandikwa na nani, umemtaja mtu kwa jambo gani, mwenyewe amejibu nini, na lipi bado halijathibitishwa. Asimpunguzie mkubwa, wala asimwongezee. Kisha aweke alama kwenye kalenda, na baada ya mwaka arudi kutueleza mambo yaliishia wapi, kwa herufi zilezile na katika ukurasa uleule.

Mimi sikurudi mstarini. Wao wana nafasi hiyo kila asubuhi.