Asaidiwe na nani?

Majuzi nilizuru shule moja ya msingi katika milima ya Nyamira, nikakaribishwa ofisini kwa uchangamfu na kikombe cha chai. Ukutani palikuwa na picha ya wafadhili wakikabidhi mashine ya kuandikia breli. Kabatini mlikuwa na mashine yenyewe, ingali imefunikwa kwa karatasi ya plastiki. Darasani, hatua chache kutoka kabati hilo, aliketi mvulana asiyeona akiwasikiliza wenzake wakisoma. Yeye hakuwa na cha kusoma wala cha kuandikia.

Nilimuuliza mwalimu wake kisa cha mambo hayo. "Mashine ilitukuta hatujui kuitumia, Daktari, na hakuna aliyerudi kutufundisha," alinijibu kwa unyonge. Kisha akanionyesha mpango wa elimu wa mtoto huyo. Palipohusu masomo paliandikwa maneno mawili tu: "Asaidiwe kusoma."

Mimi ni mtu wa isimu, na sentensi hiyo ilinikera. Kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendwa, kauli inayomruhusu msemaji kumficha mtenda. Asaidiwe na nani? Kwa kifaa gani? Kuanzia lini? Shule, wazazi na wizara, kila mmoja huisoma sentensi kama hiyo akadhani anayeambiwa ni mwingine.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vya ulemavu wake, pamoja na haki ya kutumia lugha ya ishara na breli. Vituo vya kuwatathmini watoto hawa tumekuwa navyo tangu 1984. Kwa hivyo hatukupungukiwa na sheria. Tatizo ni kwamba haki hiyo haiteremki hadi kwenye faili ya mtoto.

Naamini kila mpango unapaswa kukitaja kifaa kwa jina, kumtaja mwalimu atakayefunzwa kukitumia, fundi atakayekitengeneza kikiharibika, na siku ya kukagua kama kinamfaa mtoto. Utaje pia njia aipitayo kutoka nyumbani, kwani kiti cha magurudumu kinachokwenda vyema kwenye sakafu laini huwa mzigo mtupu kwenye mteremko wa Kisii mvua inaponyesha.

Vilevile utaje lugha. Mtoto asiyeweza kutamka, ambaye nyumbani husikia Ekegusii pekee, akipewa kifaa kinachozungumza Kiingereza, atakuwa amepewa sauti asiyoweza kumwitia mamake. Ubao wa picha wenye maneno ya Ekegusii waweza kutengenezwa na mwalimu kwa kadibodi na gundi.

Wapo watakaosema kwamba vifaa ni ghali. Baadhi ni ghali kweli. Hata hivyo, kibao cha breli na kalamu yake ni vya bei nafuu kuliko mashine, na mafundi wa Tabaka wanaowachongea watalii vinyago vya mawe ya sabuni wangeweza kuchonga ramani ya Kenya ambayo mtoto asiyeona ataisoma kwa vidole. Isitoshe, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Kisii na Nyamira zinaweza kuanzia hapo bila ya kumngojea mtu wa Nairobi.

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Jambo hili si la jirani pekee. Nanyi mnaosomea ualimu, siku mtakapouandika mpango wenu wa kwanza, iepukeni kauli ya kutendwa. Andikeni: "Mwalimu wa darasa atamfundisha breli kuanzia Jumatatu."

Kwa kuwa nimewalaumu wengine, nami nimeafikiana na mwalimu yule kwamba nitamtafutia mkufunzi wa breli kabla ya muhula ujao. Hilo tumeliandika katika mpango wa mvulana yule, na jina la mtenda ni langu.