Itazameni pamoja na wazee

Filamu ya Something of Value ya mwaka 1957, inayohusu vita vya Mau Mau nchini Kenya, inastahili kutazamwa tena, hasa na sisi wa Nakuru. Juzi niliitazama na shosho, aliyezaliwa katika kijiji cha maskwota kwenye shamba la mzungu kule Njoro. Shemeji yake Peter, kijana wa walowezi, alipomzaba kofi Kimani, rafiki Mkikuyu wa Peter, shosho aliacha kuchambua maharagwe, ungo ukabaki magotini. "Hapo ndipo mambo yalipoanzia," akasema. Uangalieni uso wa Sidney Poitier, anayeigiza Kimani, baada ya kofi lile. Sijaona mwigizaji aliyebeba fedheha ya mtu mzima namna ile.

Kasoro zake ni kubwa, na mimi sizitetei. Kiapo cha Mau Mau kimefanywa kitisho cha usiku, na suala la ardhi halikupewa uzito wake. Filamu haikuambii kwamba kule Olenguruone watu walikula kiapo kupinga kufurushwa, miaka mingi kabla ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Haikuambii wapiganaji wa Mau Mau walivyovamia kituo cha polisi cha Naivasha Machi 26, 1953, wakafungua wafungwa na kuondoka na bunduki. Na mwaka uleule filamu ilipotoka, Februari, kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alinyongwa katika gereza la Kamiti.

Kwa hiyo msiitazame peke yenu. Mwiteni babu au shosho aliye bado hai, na akianza kuzungumza, simamisheni filamu mumsikilize.