Simenti ya udongo: somo la Karen Scrivener kwa Kongo ya mashariki

Mfuko wa simenti unaouzwa Goma, Bukavu ao Uvira umesafiri sana kabla ya kufika mikononi mwa fundi. Mara nyingi umetoka Uganda, Rwanda ao Tanzania, umepita mipaka, ushuru na vizuizi, na kila kituo kimeongeza bei. Viwanda vikubwa vya nchi yetu viko Lukala na Kimpese, Kongo Central, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapa. Kuna Kabimba karibu na Kalemie, lakini simenti ya inje bado imejaa katika depo zetu. Anayejenga vyumba viwili kwa mshahara wa mwalimu anajua maana yake: ukuta unasimama kwenye madirisha, miaka inapita, paa halijafika.

Ndiyo sababu kazi ya mhandisi mmoja mwanamke, Karen Scrivener, inatuhusu kuliko inavyoonekana kwa mbali.

Scrivener ni Mwingereza. Alisomea Cambridge, kisha akafanya udaktari wake Imperial College, London, na kuumaliza mwaka 1984. Alichagua swali ambalo wengi waliona limekwisha jibiwa: simenti inapokutana na maji, ndani yake kunatokea nini? Aliichunguza kwa darubini ya elektroni, saa kwa saa, chembe kwa chembe. Kutoka 1995 hadi 2001 alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Lafarge nchini Ufaransa. Mwaka 2001 akawa profesa katika chuo kikuu cha EPFL, mjini Lausanne, Uswisi, na kuongoza maabara ya vifaa vya ujenzi. Mwaka 2004 akaanzisha Nanocem, mtandao uliokutanisha vyuo vikuu na makampuni ya simenti.

Tatizo alilokabili ni hili. Simenti ya kawaida inatokana na klinka, yaani vidonge vigumu vinavyopatikana kwa kuchoma jiwe la chokaa pamoja na udongo, kwa joto la nyuzi karibu 1,450. Jiwe la chokaa likiungua, linatoa hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake. Hewa hiyo peke yake ni karibu asilimia 60 ya ile inayotoka kiwandani. Inayobaki inatokana na moto. Hata ukibadilisha kuni, makaa ya mawe ao gazi, jiwe lenyewe litaendelea kutoa kaboni. Dunia inatengeneza tani bilioni 4 hivi za simenti kila mwaka, na kazi hiyo inatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Nchi tajiri zilipunguza klinka kwa kuchanganya takataka za viwanda: majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, na mabaki ya tanuru za chuma. Ni dawa nzuri, ila takataka hizo hazitoshi dunia nzima, na zinapungua kadiri mitambo ya makaa ya mawe inavyofungwa. Kwetu Kivu hazipo kabisa.

Scrivener akageukia kilichopo karibu kila pahali: udongo. Pamoja na Fernando Martirena wa Chuo Kikuu cha Las Villas nchini Kuba, na wenzao wa India, na kwa msaada wa ushirika wa maendeleo wa Uswisi, walitengeneza simenti inayoitwa LC3. Chukua mfuko wa kilo 50. Klinka ni kilo 25. Udongo uliochomwa ni kilo 15. Jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa ni kilo 7 na nusu. Zinazobaki, kilo 2 na nusu, ni jasi. Udongo unachomwa kwa nyuzi kati ya 700 na 850 tu, na unapoungua unatoa mvuke wa maji, hautoi kaboni. Hesabu ya mwisho: kaboni inapungua kwa asilimia 30 hadi 40, na nguvu ya betoni inakaribia ile ya simenti ya kawaida.

Udongo unaohitajika si ule mweupe wa gharama kubwa wanaotumia watu wa vyombo vya kauri. Unafaa ule unaotupwa pembeni ya machimbo kwa sababu una chuma na rangi nyekundu, mradi asilimia 40 hivi yake iwe kaolini. Hata jiwe la chokaa linaweza kuwa lile ambalo kiwanda cha klinka kinalikataa. Kile kilichoitwa takataka kinakuwa mali. Huko Jhansi, India, nyumba ya mfano imejengwa kwa simenti hiyo. Barani Afrika, viwanda vya udongo uliochomwa vimefunguliwa Côte d'Ivoire na Ghana.

Kaolini inazaliwa pahali penye joto na mvua nyingi, ambapo jiwe linaoza polepole kwa maelfu ya miaka. Hiyo ni hali ya hewa yetu. Udongo mwekundu unaoteleza milimani mwa Bukavu kila msimu wa mvua unastahili kupimwa kabla ya kulaaniwa. Kuna pia majivu ya volkano kandokando ya Goma, na maganda ya mpunga katika bonde la Ruzizi, ambayo yakichomwa vizuri yanaacha majivu yenye silika. Hatusemi kwamba vyote hivyo vinafaa. Tunasema vipimwe.

Wako watakaosema kwamba kaboni ni deni la matajiri, Kongo haikuchafua dunia. Ni kweli. Lakini klinka ndiyo sehemu ya gharama zaidi katika mfuko, na ndiyo inayohitaji tanuru kubwa na moto mkali. Anayetumia nusu yake anaweza kuagiza klinka kidogo na kuongeza udongo wa kwake. Kuba haikuingia katika kazi hii kwa anasa. Ilikuwa na uhaba wa simenti na wa mafuta, kama sisi.

Wengine wataogopa udanganyifu, na woga huo una msingi. Mfanyabiashara asiye na huruma akisikia kwamba simenti inachanganywa na udongo, ataongeza udongo mbichi na kufunga mfuko. Udongo usiochomwa kwa joto linalofaa hauna nguvu yoyote. Nyumba itaanguka juu ya watoto. Kwa hiyo kanuni zitangulie biashara. Ofisi ya ukaguzi, OCC, ipewe maabara zinazofanya kazi huku mashariki, na kila aina mpya ya simenti ipimwe siku ya 7 na siku ya 28 kabla ya kuuzwa.

Na tusijidanganye: bila usalama, umeme na barabara, hakuna mtu atakayeweka tanuru hapa. Lakini kupima udongo hakungoji tanuru. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa jiolojia, kemia na ujenzi wanaoandika kila mwaka kazi za mwisho zinazolala katika makabati. Kazi kumi zikipangwa pamoja, kila moja ikishughulikia kilima kimoja, tutapata ramani ya udongo wa Kivu. Huo ndio mwanzo, na bei yake haizidi magari mawili ya msafara wa waziri.

Liko neno la mwisho, na ni kwa wazazi. Katika miji yetu wanawake ndio wanaoponda mawe kuwa kokoto, ndio wanaopanda milima na mifuko ya mchanga mgongoni. Hakuna anayewaambia kwamba ujenzi si kazi ya wanawake wanapobeba. Neno hilo linatokea siku binti anapotaka kusoma ufundi wa ujenzi. Scrivener alikaa zaidi ya miaka 40 na swali moja kuhusu vumbi la kijivu, na leo viwanda vya dunia vinamsikiliza. Binti wa Kadutu ao wa Birere anaweza kukaa na swali la udongo wa kwao. Anahitaji shule isiyomfukuza kwa sababu ya karo, mwalimu wa kemia aliyelipwa, na baba asiyemcheka.

Serikali, vyuo na wazazi: udongo uko chini ya miguu yetu. Kuupima ni kazi yetu, si ya mtu wa Lausanne.